Mtambo wa bayogesi uliounganishwa na choo: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Malalamiko ya wenye mitambo ya bayogesi katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Rungwe na Busokelo hadi Makete, Njombe na Mufindi, yanafanana mno. Gesi imepungua. Moto unapepesuka. Choo kinarudisha. Tope linanuka hadi kwa jirani. Mwenye nyumba akiona hivyo hukimbilia jikoni: anafungua jiko, anabadilisha mpira, ananunua koki mpya. Mara nyingi tatizo liko upande wa pili wa uwanja, pale samadi inapochanganywa na maji. Kwa hiyo kwenye dalili nyingi hapa chini tunaanzia mdomoni mwa mtambo, tunakwenda kwenye mtungi, yaani chumba cha chini ya ardhi samadi inamoozea, kisha bomba. Jiko tunaliangalia mwisho.

Mtambo wenye choo unahitaji haraka zaidi kuliko wa banda peke yake. Wa banda ukifa, familia inarudi kwenye kuni. Ni hasara, lakini uchafu haujaongezeka. Wenye choo ukifa, kinyesi cha watu kinabaki uwanjani, mahali watoto wanapocheza na nguruwe wanapozurura. Usiuache mbovu ukisubiri mavuno yauzwe.

Kabla hujagusa kitu

Bayogesi ni methani kwa asilimia 50 hadi 70, sehemu kubwa ya inayobaki ni kabonidioksidi, na ndani yake mna kiasi kidogo cha gesi inayonuka yai viza, yaani haidrojeni salfaidi. Methani ikichanganyika na hewa hulipuka. Usitafute mahali inapovuja kwa njiti ya kiberiti. Tumia povu la sabuni.

Usiingie ndani ya mtungi, hata kama umekaa wazi kutwa nzima, hata kama huna unachonusa. Haidrojeni salfaidi ikizidi huua kwanza uwezo wa pua kunusa, na mtu huanguka akiamini hewa ni safi. Akianguka mmoja, usimfuate. Vifo vingi vya mashimo ya aina hii huwa vya wawili au watatu, kwa sababu ndugu huruka ndani kuokoa. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na uwazuie wengine wasisogee.

Mwisho, vaa glavu na buti, na nawa kwa sabuni ukimaliza. Ni kinyesi cha binadamu hicho.

Dalili: gesi imepungua, au hakuna kabisa

Hii ndiyo inayoongoza, na chanzo chake cha kwanza ni njaa. Mtambo haulishwi vya kutosha. Muulize anayelisha, si mwenye nyumba: ndoo ngapi kwa siku, na jana zilikuwa ngapi?

Piga hesabu mwenyewe. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takriban lita 40 za gesi mtungi ukiwa na joto zuri. Kichwa kimoja cha jiko hula lita 200 hadi 400 kwa saa. Ng'ombe wa ndani anakupa kilo 10 hadi 15 za kukusanya kwa siku, pengine zaidi akila vizuri. Sasa tazama choo: mtu mmoja hutoa kinyesi cha lita 25 hadi 30 za gesi kwa siku. Familia ya watu watano haifikishi zaidi ya lita 150, yaani kama nusu saa ya moto mmoja. Maharage hayaivi kwa hiyo. Aliyekuambia uuze ng'ombe kwa sababu choo kitatosha kupikia alikupotosha. Choo tunakiunganisha kwa ajili ya usafi, gesi inatoka kwa ng'ombe na nguruwe. Kama mifugo imepungua, hakuna koki itakayorudisha moto. Omba samadi kwa jirani au kubali kupika chai na mboga tu.

Chanzo cha pili ni baridi, na hapa sisi wa Nyanda za Juu tuna shida ambayo wenzetu wa bonde lenye joto la Usangu hawaijui. Bakteria wa mtambo hupenda nyuzi 30 hadi 35. Chini ya 15 wanazubaa, karibu na 10 ni kama wamelala. Juu kule Kitulo, zaidi ya mita 2,600 toka usawa wa bahari, Juni na Julai kuna jalidi kabisa, na Njombe na Mufindi hazipo mbali na baridi hiyo. Kama gesi yako hushuka kila Juni na kupanda tena mvua zinapokaribia, umepata jibu. Fanya hivi: lisha mchana badala ya alfajiri, acha maji ya kuchanganyia kwenye ndoo juani toka asubuhi, tumia samadi iliyoangushwa siku ileile, rudishia udongo uliokwanguliwa na mvua juu ya kuba (paa la mviringo la mtungi), kisha tandaza nyasi kavu za kutosha. Watu wengi baridi ikiingia huongeza chakula ili gesi ipande. Ni kinyume chake: bakteria waliozubaa hawawezi kumaliza chakula cha kawaida, ukizidisha mtungi unachacha. Punguza kidogo wakati wa baridi, uongeze joto likirudi.

Cha tatu ni maji. Kipimo cha samadi mbichi ya ng'ombe ni ndoo moja kwa ndoo moja ya maji, na mchanganyiko uwe kama uji mzito, usio na madonge. Maji yakizidi, samadi inapita mtungini haijaiva na inatoka upande wa pili bado ina gesi ndani yake. Kagua yanakoingilia maji ambayo hukuyahesabu. Maji ya kuoga yameelekezwa chooni? Paa la banda linamwagia mvua kwenye chemba ya kuchanganyia? Tukuyu na maeneo yake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Paa moja lisilo na mfereji linatosha kuusafisha mtungi wote. Choo chenyewe kiwe cha kumwaga kwa kopo, lita mbili au tatu, si tangi la kuvuta lita tisa.

Kama chakula, joto na maji viko sawa, sasa tafuta uvujaji. Jioni baada ya kupika, acha gesi ijae bombani, funga koki kubwa iliyo juu ya kuba, hakikisha jiko limefungwa, andika geji (kipimo cha shinikizo la gesi) inasomaje. Asubuhi soma tena. Ikiwa imeshuka, bomba linavuja kati ya kuba na jiko: paka povu kwenye kila kiungo, na kagua hasa pale bomba linapopita shambani, maana jembe la palizi limekata mengi. Ikiwa imesimama palepale, bomba ni zima. Tazama basi chemba ya kutolea tope. Gesi ikikusanyika ndani, tope husukumwa na kupanda kwenye chemba hiyo. Usiku mzima bila kupika, na alama ya tope haijapanda hata kidogo, maana yake gesi haizalishwi au inatoroka kupitia kuba.

Kwenye mitambo yenye mfuniko juu ya kuba, anza na mfuniko. Umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi na juu yake hukaa maji ili udongo usikauke. Kiangazi maji yale hukauka bila mtu kuona, udongo unapasuka nyufa nyembamba kama uzi, na gesi yote inapotea usiku. Jaza maji, inama, angalia kwa utulivu dakika chache. Viputo vikipanda mahali pamoja, pale ndipo. Ukiona viputo na huna uzoefu wa kufungua mfuniko, ishia hapo umwite fundi. Ufa wa kuba lenyewe nao si wa kujipaka saruji kwa nje. Fundi huupaka kwa ndani, mtungi ukiwa mtupu na umepitishiwa hewa.

Kinachofuata hutokea mara chache zaidi lakini huchanganya watu: sumu. Maji ya josho yanayochuruzika toka bandani, dawa kali za kusafishia choo, maji mengi ya sabuni ya kufulia, na samadi ya ng'ombe aliye kwenye antibiotiki, vyote huua bakteria. Kumbuka wiki mbili nyuma: nani aliogesha mifugo, nani alimtibu ng'ombe? Samadi ya ng'ombe aliyedungwa itenge pembeni hadi dawa iishe mwilini. Sinki la choo lisuguliwe kwa brashi na maji, sabuni iwe kidogo sana.

Mtungi uliochacha utaujua kwa harufu kali ya uchachu kwenye tope na gesi isiyotaka kushika moto. Karatasi ya kupimia asidi inayoonyesha chini ya 6.5 inathibitisha. Acha kulisha samadi siku kadhaa. Choo huwezi kukifunga, lakini kinyesi cha familia moja ni kidogo, hakitazuia uponaji. Kisha omba ndoo kadhaa za tope kwenye mtambo wa jirani unaofanya kazi vizuri, umimine kama mbegu, na anza kulisha kwa robo ya kawaida. Maji ya chokaa husaidia yakitiwa kidogo kidogo huku ukipima. Mfuko mzima kwa mara moja unamalizia walionusurika.

Na kuna ukoko. Mafinga na vijiji vinavyozunguka msitu wa Sao Hill maranda ni mengi na watu huyatandika bandani; ni kitanda kizuri cha ng'ombe, lakini yakiingia mtungini hayaozi, yanaelea na kutengeneza tabaka gumu. Mabua ya mahindi, mabingobingo yaliyobaki horini na magome ya migomba hufanya hivyohivyo. Dalili yake ni samadi kukataa kushuka kwenye ingizo huku gesi ikiwa kidogo. Chukua mti mrefu ulionyooka, koroga kupitia bomba la kuingizia, kisha upande wa kutolea, kila siku kwa siku chache. Usipofunguka, ni kazi ya fundi. Na kuanzia hapo okota kwa mkono kila kilicho kirefu kuliko kidole kabla ya kufungua kizibo cha chemba.

Dalili: geji inaonyesha gesi ipo, moto unapepesuka au unazimika

Maji yametuama bombani. Gesi hutoka mtungini ikiwa na mvuke, na usiku wa baridi mvuke hugeuka maji. Fungua koki ya kutolea maji sehemu ya chini kabisa ya bomba, yatoke, funga. Huko kwetu wakati wa baridi fanya kila wiki. Moto ukiendelea kupepesuka, tafuta sehemu ya bomba iliyobonyea kama tumbo na kutengeneza dimbwi ndani. Inyanyue ielekee kwenye koki. Baada ya hapo ndipo usafishe matundu ya jiko kwa sindano.

Dalili: rangi ya moto si ya bluu

Njano na masizi: hewa haitoshi, zungusha kirekebishi hewa kwenye shingo ya jiko mpaka ibaki bluu. Moto unaruka juu ya jiko na kuzimika: hewa imezidi, punguza. Mtambo mpya usiowaka kabisa bado umejaa kabonidioksidi. Toa gesi ya mwanzo nje, mbali na moto wowote, uache ijae tena. Sehemu za baridi gesi nzuri inaweza kuchukua mwezi na zaidi.

Dalili: harufu ya yai viza jikoni

Jiko likiwa limefungwa na unanusa, gesi inavuja. Usiwashe kitu, usizime kitu, hata swichi ya taa. Fungua mlango na madirisha, funga koki kubwa kwenye kuba, toa watoto nje. Hewa ikishabadilika, ndipo upake povu kwenye koki, mpira na viungo. Mpira uliopasuka usifungwe kwa kamba ya baiskeli, nunua mwingine.

Ikiwa harufu inakuja tu wakati wa kupika na koki za chuma zinaliwa kutu haraka, kichujio kimechoka. Kwenye mitambo mingi ni kopo lenye chuma chenye kutu ndani, na stiliwaya iliyoshika kutu hufaa. Libadilishie nje ya nyumba. Mtu akiumwa kichwa au kuona kizunguzungu jikoni, mtoe nje kwanza na umpeleke zahanati, mtambo utasubiri.

Dalili: choo kinarudisha au hakishuki

Sababu ya kwanza ni vilivyoingia. Vijiji vya mahindi bado vinatumia magunzi kujisafishia, na gunzi halishuki kwenye bomba la inchi nne wala haliozi mtungini. Vitambaa na taulo za kike pia. Weka kopo lenye mfuniko kando ya sinki kwa ajili ya vitu hivyo, na choma au fukia. Kuzibua, tumia fimbo ndefu inayopinda na maji ya moto. Dawa za kuzibulia mabomba zitaua mtambo.

Sababu ya pili inawashangaza wengi: gesi imejaa kupita kiasi. Familia imesafiri, au ni wiki ya msiba watu wanakula kwenye nyumba ya msiba, hakuna aliyewasha jiko. Gesi inasukuma tope kurudi pande zote mbili, na kama sinki la choo liko chini kuliko tundu la kumwagia tope la ziada, kinyesi kinapanda sinkini. Jaribio ni rahisi. Washa moto saa nzima, chemsha maji ya kuoga, kisha rudi chooni uangalie. Kikishuka, huna kizibo. Una kosa la ujenzi. Kwa sasa tumia gesi kila siku. Suluhisho la kudumu ni kupandisha sinki juu ya usawa wa tundu la kutolea, na hiyo ni kazi ya fundi wa mitambo hii, si fundi wa nyumba yeyote.

Sababu ya tatu, tundu la kutolea tope limeziba kwa ukoko mkavu. Livunje kwa jembe, tope litembee.

Dalili: choo kinafanya kazi, ila nusu ya familia haikitumii

Nimeiweka humu kwa sababu mtambo mzima usio na watumiaji haujasafisha kijiji. Miongoni mwa Wanyakyusa, heshima kati ya baba mkwe na mkamwana huenda mbali: wazee wengi hawawezi kuingia choo kimoja na mke wa mtoto wao, wala mkamwana hatapenda kukutana na baba mlangoni pale. Mama kumkaribisha mzee kwa maneno mazuri hakubadilishi kitu, mzee ataendelea kwenda migombani. Jenga vyumba viwili vyenye milango inayotazama pande tofauti, kila kimoja na bomba lake linaloingia mtungi uleule. Gharama ya sinki moja la ziada ni ndogo kuliko ya mtambo usiotumika.

Wapo pia wanaokataa chakula kilichopikwa kwa gesi ya choo. Usibishane nao. Waonyeshe moto wa bluu na sufuria isiyo na masizi, wapikie chai, wape muda.

Dalili: tope linalotoka linanuka, lina inzi, au wanyama wanalifuata

Tope lililoiva halina harufu kali na inzi hawalipendi. Likinuka kama samadi mbichi, halijakaa mtungini muda wa kutosha: unalisha kupita uwezo wa mtungi, au maji yamezidi, au ukoko umepunguza nafasi. Rudi kwenye dalili ya gesi kupungua, hapo juu.

Lakini hata lililoiva si salama likiwa na choo ndani yake, na hapa naomba usome taratibu. Joto la mitambo yetu haliui mayai yote ya minyoo. Mayai ya tegu wa nguruwe yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Nguruwe anayezurura akiyala, nyama yake inakuwa na malengelenge ya tegu, yaani vifuko vya mabuu yake. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva, anapata tegu tumboni. Akimeza mayai yenyewe kwa mikono au mboga chafu, malengelenge yanaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ugonjwa huu upo Mbeya na Songwe, wataalamu wamekuwa wakiupima kwenye nguruwe wetu miaka mingi, na watoto wenye kifafa bado wanafichwa ndani kwa kudhaniwa wamerogwa.

Kwa hiyo chemba ya kutolea iwe na mfuniko wa zege na shimo la tope lizungushiwe uzio ambao nguruwe hafukui chini yake. Ukikuta kwato kwenye ukingo wa shimo, ziba leo. Tope lipeleke kwenye migomba, kahawa, parachichi au chai, ndani ya mfereji uliofukiwa, siyo kumwaga juu. Kabichi, karoti, nyanya na kila kinachoingia kwenye kachumbari kisiguswe na tope hili. Ukitaka kulitumia kwenye mahindi, lichanganye na nyasi kavu kwenye lundo linalopata moto hasa, ligeuze, uliache mwaka au zaidi. Sehemu za baridi kama Makete ongeza.

Dalili: tope linapanda masika bila kulisha

Maji ya ardhini yanaingia kupitia ufa. Usimwage mtungi kuukagua wakati ardhi imelowa: mtungi mtupu hubanwa na maji ya nje, ukuta hupasuka au chombo kizima kikanyanyuka. Endelea kutumia choo kwa maji machache, chimba mfereji wa kugeuza maji upande wa mlimani wa mtambo, na subiri kiangazi kwa ukarabati.

Kiangazi kikifika, tafuta fundi aliyejenga mitambo ya aina yako. Mpango wa kitaifa wa bayogesi ya majumbani, ulioanza 2009 chini ya CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, ulifundisha mafundi mikoani na kujenga mitambo ya mita za ujazo 4, 6, 9 na 13. Ofisi ya mifugo ya kata ni mahali pazuri pa kuulizia. Kabla hajaja, mwandikie ukubwa wa mtungi, mwaka uliojengwa, idadi ya mifugo na watu, ndoo za samadi na za maji kwa siku, usomaji wa geji jioni na asubuhi, na tarehe tatizo lilipoanza.